Mkono wa Baba Ukutani

Baba alipokufa, chini ya kitanda chake kulikuwa na bahasha ya kaki yenye picha mia mbili na kitu za ukuta, na moja ya mkono. Ukuta ni mmoja, picha zote hizo ni zake. Matofali mekundu, matofali ya kahawia, matofali yaliyoota kuvu, picha baada ya picha. Waliokuja kutupa pole walizipitisha mkono kwa mkono, kisha wakanitazama kwa huruma, wakidhani msiba umenichanganya akili. Sikuwaeleza kitu. Sikuwa na nguvu, na aibu ilikuwa bado mbichi.

Mimi ni mpiga picha mjini Muyinga. Nasema hivyo kwa kujitapa kidogo, maana studio yangu ni chumba kimoja karibu na soko, shuka jeupe lililopigiliwa ukutani, kigoda, na kamera iliyokuwa imeshapita mikononi mwa watu wawili kabla ya kunifikia. Wateja wangu ni watu wa picha ndogo za karangamuntu, yaani kitambulisho, wafanyabiashara wanaohitaji vibali vya kuvuka kwenda Tanzania, na maharusi siku za Jumamosi. Kukiwa shwari hutoka nje nikapiga vitu ambavyo hakuna aliyeniagiza: wanawake wakifunga mizigo ya maharage, baiskeli iliyobeba ndizi mpaka mwendeshaji haonekani, viatu vya waumini mlangoni mwa msikiti na paka kalala juu yake. Jirani yangu ni fundi cherehani, Mwislamu wa hapa hapa mjini, mama aliyerithi mashine kwa mama yake. Ananicheka kila siku.

"Dada, iyo paka itakuja kuchukua photo yake lini?"

Nami humjibu kwamba paka ana adabu kuliko wateja wake. Ndivyo tunavyoishi.

Baba alikuwa mkulima Mwakiro, mkoa huu huu wa Muyinga. Hakuzaliwa huko. Kwao ni upande wa Bukirasazi, kule Gitega, lakini alikimbilia Tanzania akiwa kijana asiye na ndevu, akaoa kambini, na mimi nikazaliwa kambini, Kigoma. Wazazi wake hakuwaona tena. Hakuwa na picha yao, hakuwa na cheti cha ubatizo, wala hakujua kaburi lao liko wapi. Wazee wengine kambini walikuwa na ng'ombe wa kusimulia, ng'ombe ambao waliongezeka kila msimu wa mvua. Baba alikuwa na jambo moja tu, na halikuongezeka wala kupungua: mkono.

Alisimulia hivi. Kulikuwa na kanisa la kale la wamisionari juu ya kilima kati ya Gitega na Bukirasazi. Alipokuwa na miaka kama saba, kanisa lilikuwa limekuwa dogo kwa watu wake, ikaamuliwa ubavu mmoja usogezwe nje. Kila familia iliyokuwa ikijifunza kubatizwa ilitakiwa kuleta matofali yake. Babu akashuka bondeni, akakanyaga udongo, akafyatua. Tofali la mwisho lilipotoka kwenye kalibu, bado laini, babu alimshika baba mkono wa kulia, akaukandamiza juu ya udongo mpaka vidole vyote vitano vikazama. Akamwambia, "Sasa hata uende wapi, hapa upo." Tofali likakauka, likachomwa pamoja na mengine. Baba akalibeba mwenyewe juu ya ngata ya majani ya migomba, akapanda nalo kilima chote, akalikabidhi kwa waashi.

"Mkono wangu uko kwenye ukuta ule," alikuwa akimalizia. Hakutia chumvi.

Nakumbuka vizuri zaidi siku aliyonisimulia nikiwa nalia. Nilianguka kwenye bomba la maji kambini, nikavunjika kidole kidogo cha mkono wa kulia. Zahanati ilikuwa na foleni ya siku mbili. Baba akakinyoosha mwenyewe, akakifunga kwa vijiti viwili na kipande cha kanga ya mama, na muda wote huo mdomo wake ulikuwa kwenye tofali, ngata na kilima, ili nisisikie maumivu. Niliyasikia sana. Kidole kilipona kikiwa kimepinda kwa nje, na kipo hivyo mpaka leo.

Tuliporudi Burundi nilikuwa msichana mkubwa. Tulikwenda kwenye kilima chao tukakuta watu wengine wanalima, wana nyumba, wana migomba iliyokwisha kuzaa mara nyingi. Kikaitishwa kikao cha watu wa kilima. Wakamuuliza baba kwa upole tu: nani anakujua hapa? Una kitu gani cha kuonyesha? Waliomjua walikuwa wamekufa au wako walikokimbilia. Baba akasimama, akavua kofia, akaanza kusimulia habari za mkono.

Walicheka. Hawakuwa wabaya, ila walicheka, na mmoja akauliza kama mguu wake nao aliuacha Bujumbura. Nilitamani ardhi ipasuke. Kanisa lenyewe lilikuwa linaonekana kutoka pale tulipoketi, lakini lilikuwa limepakwa chokaa nyeupe kuanzia chini mpaka juu, hakuna tofali hata moja lililoonekana. Tulipolipita wakati wa kurudi, baba alilitazama bila kusimama. Nami, kwa hasira ya kuchekwa, nikasema maneno ambayo ningeyameza leo kama yangemezeka:

"Baba, acha. Huo mkono haupo. Ungekuwa na karatasi hata moja, tusingechekwa hivi."

Tukaishia Mwakiro, kwa ndugu za mama, na tangu siku ile baba hakutaja tena mkono. Miaka ikapita. Mama akafariki. Nikaolewa, nikaachika, nikajifunza kamera. Si mara moja niliyomsikia akiwasimulia watu habari za Kigoma, za vita vya nguruwe pori na mahindi, akifika kwenye utoto wake ananyamaza na kuomba maji ya kunywa. Nilijisemea kwamba uzee unamsahaulisha.

Kiangazi kilichopita tumbo lake lilijaa maji. Tulimpeleka hospitali, wakamtazama, wakatuita pembeni na kutuambia tumrudishe nyumbani apumzike. Lugha hiyo kila mtu anaielewa. Nililala naye Mwakiro siku nne, na siku ya nne, nikimnywesha uji, akaniambia:

"Nasikia wamekwangua chokaa kanisani. Wanarudisha matofali yaonekane kama zamani."

"Nani kakuambia?"

"Mtu. We una kamera." Akasukuma kikombe. "Nenda kaniletee picha ya mkono wangu."

Nilijua anachoniomba. Alikuwa ananiomba nirudishe maneno yangu, na alikuwa ameyabeba miaka yote hiyo bila kuniambia kama yanamlemea.

Safari yenyewe ilikuwa mateso. Mafuta ya gari yalikuwa yameadimika nchi nzima; Muyinga kituoni palikuwa na safu ya madumu ya njano inayopinda kona mbili, na magari yamelala. Nilikaa siku mbili nikisubiri, kila saa inayopita naihesabu kwenye pumzi za baba. Kwa kuwa mikono yangu haijui kutulia, nilipiga picha zile foleni: mwalimu anayesahihisha madaftari juu ya dumu, dereva aliyelala ndani ya buti la gari lake, mama aliyefunga dumu lake kwa kamba kwenye mguu ili asiibiwe nafasi. Hizo ni miongoni mwa picha nzuri nilizowahi kupiga na siwezi kuzitazama. Siku ya tatu nikapata nafasi kwenye lori, juu ya magunia, tukashika njia ya Karuzi.

Gitega nilifika nimevimba miguu. Asubuhi yake nikapanda kilima.

Nilikuwa nimelijua kanisa lile kama kitu cheupe kilichotufanya tuchekwe. Sasa lilikuwa jekundu, na lilikuwa zuri, na uzuri wake uliniudhi. Kuta nene, nguzo za kuegemea ubavuni kila hatua kadhaa, madirisha ya tao na juu ya kila tao matofali yamepangwa yakiwa yamesimama wima. Chokaa ilikuwa bado imebaki kwenye mistari, kwa hiyo kila tofali lilionekana limechorwa ukingo. Katekista wa pale akaniruhusu, akanionya tu nisiweke ngazi kwenye ukuta. Ubavu uliosogezwa ulijulikana bila kuuliza: rangi yake haikufanana na ya upande wa pili, kwa sababu matofali yale yalitoka kwenye matanuri ya familia nyingi, kila moja na udongo wake na moto wake.

Nilifanya kazi ninavyojua. Alama iliyozama huonekana pale jua linapokuja kwa ubavuni, asubuhi mapema au jioni. Mchana kweupe hufutika. Kwa hiyo nilipiga alfajiri inapokucha na jua linapoelekea kuzama, siku mbili, kutoka kushoto kwenda kulia, safu kwa safu, kila picha ikiingia kidogo kwenye mwenzake ili lisinipite tofali hata moja. Magoti yalichubuka. Katikati ya siku nilikaa kivulini nikizikuza kwenye kioo kidogo cha kamera, natafuta vidole vitano.

Hakuna. Hapakuwa hata na kidole kimoja. Matofali yote yalikuwa na nyuso safi, laini, na hilo lilitakiwa linishtue mapema, kwamba katika matofali yote yale ya wakulima hakuna hata lenye alama ya kuku. Halikunishtua. Nilichoona ni kwamba nilisema kweli siku ile njiani, na kwamba itanibidi nirudi Mwakiro na ukweli huo mkononi.

Sikurudi. Nilishuka mjini nikatangatanga Gitega siku nzima kama mtu aliyefukuzwa kazi. Nilipiga picha vibanda vya wauza simu, mafundi viatu, ukuta wa kijani wenye matangazo ya harusi yaliyochanika. Polisi mmoja akanisimamisha, akataka kuona napiga nini. Nikampa kamera. Akabonyeza, ukuta, akabonyeza, ukuta, akabonyeza tena na tena, kisha akanitazama usoni.

"Madame, we uko sawa?"

"Siko sawa," nikamwambia, na machozi yakanitoka pale pale barabarani. Akanirudishia kamera haraka, akaniambia niende nipumzike.

Kesho yake nilipanda kilima tena, kwa kukosa pa kwenda. Fundi mwashi alikuwa juu ya jukwaa la miti akikwangua chokaa iliyobaki na kujaza mistari. Mzee wa miaka sitini hivi, suruali imekauka saruji. Alikuwa ameniona siku zote mbili.

"Dada, unatafuta nini ku ukuta? Umeipiga photo mpaka imechoka."

Nikamweleza. Sijui kwa nini nilimweleza yeye. Labda kwa sababu alikuwa juu na mimi chini, hakuniona uso vizuri. Nilieleza yote, tofali, ngata, vidole vitano. Akashuka taratibu, akaokota tofali la zamani kwenye rundo lililotolewa kwenye nguzo iliyobomoka.

"Baba yako alikuwa anafyatua ao alikuwa anajenga?"

"Alikuwa mtoto. Babu alifyatua."

"Njo maana." Akaligeuza tofali. Ubavu wake, ule unaotazama nje, ulikuwa laini. Lakini upande wa juu, ule uliokuwa wazi kwenye kalibu, ulikuwa na makwaruzo, na nyayo mbili za kuku wazi kabisa. "Unaona? Fasi ya juu, njo iko na alama. Sisi mafundi tunalalisha iyo fasi chini, mu mortie, mu udongo ya kujengea. Inashika muzuri. Baba yangu alijenga hapa, amenifundisha vile. Mukono ya muzee iko. Iko mule ndani, imelala chini, inashika ukuta. Mi siwezi kukudanganya."

Akaweka kiganja chake juu ya saruji mbichi aliyokuwa nayo kwenye karai, akaonyesha jinsi tofali linavyolala.

"Litoe," nikamwambia. Nilikuwa nimemshika mkono wa shati. "Toa machache, tuangalie."

"Lipi? Iko elfu ngapi? Unataka nibomoe nyumba ya Mungu juu ya mukono ya mutoto?" Akacheka, kisha akaona sicheki, akaacha. "Dada, pole. Ukuta ikianguka siku moja, mutaiona."

Nilikaa chini kwenye majani. Baba alijua kufyatua na kubeba, hakuwahi kujenga. Mimi najua mwanga. Katika familia yetu nzima hakuna aliyewahi kushika mwiko, na kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba tulikuwa tunautafuta mkono mahali ambapo hauwezi kukaa. Ulikuwepo. Na hakuna kamera duniani ingeufikia.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili ni la mpiga picha, sidhani kama mkulima angelifanya. Nilidhani kwamba kisichopigika picha hakiwezi kupelekwa kwa mgonjwa. Nitamwambia nini baba? Kwamba fundi mmoja kasema? Maneno alikuwa nayo ya kutosha maisha yake yote, na watu walicheka. Alitaka picha. Nimetumwa picha. Nikirudi na maneno, nitakuwa nimerudi mikono mitupu.

Nikampigia simu jirani yangu wa cherehani. Alisikiliza, akavuta pumzi.

"Muzee iko anaenda, dada. Mupe photo. Bonde zote ziko na matofali. Weka mukono, piga. Mungu ataelewa."

Nilishuka bondeni upande wa Bukirasazi. Ilikuwa wakati wa kufyatua. Mabonde yote yalikuwa na safu za matofali mabichi yaliyofunikwa majani. Nikawaomba watu wawili, mume na mke, wanipe tofali moja lililotoka kwenye kalibu sasa hivi. Walinitazama, wakanipa. Nikakunja mkono wa shati, nikakandamiza kiganja changu cha kulia juu ya udongo. Ulikuwa wa baridi. Mke akaniuliza ni dawa ya nini. Nikamwambia ni ya baba.

Nilisubiri likauke juu kwa juu. Mkono wangu ni mdogo, na picha haina rula: ukikaribia vya kutosha, ukafuta kila kitu cha kulinganishia, mkono wa mwanamke wa miaka arobaini na wa mtoto wa miaka saba ni mamoja. Tofali bichi ni la kijivu, halijaona moto, kwa hiyo niliiondoa rangi yote, nikaifanya nyeusi na nyeupe. Nikapiga jua likiwa chini, vidole vikajaa kivuli. Ilitoka vizuri mno. Kazi yangu yote ya miaka hiyo, shuka, kigoda, "inua kidevu kidogo, mama", ilikuwa imenifundisha kudanganya kwa upole, na siku ile niliutumia ujuzi wote.

Nilifika Mwakiro siku ya tisa tangu niondoke, baada ya kupitia Muyinga kuichapisha. Baba alikuwa amepungua sana usoni na kuongezeka tumboni. Dada wa mama alimwegemeza kwenye mito. Nikampa picha. Zile mia mbili za ukuta, nilizokuwa nimezichapa ndogo ndogo ili nizikague vizuri studio, zilibaki ndani ya mkoba.

Aliisogeza dirishani. Aliitazama kwa muda mrefu, na mimi nilikuwa natabasamu lile tabasamu ninalowapa wateja. Kisha akaishusha kifuani, akanyoosha mkono, akanishika kiganja cha kulia. Kidole chake gumba kikaenda moja kwa moja kwenye kidole changu kidogo, pale kilipopinda.

"Hiki nilikifunga mimi," akasema. "Kwa vijiti vya mtama."

Nilikuwa nimefuta rangi. Nilikuwa nimefuta kipimo. Kidole changu mwenyewe nilikisahau, ninakiona kila siku mpaka nimeacha kukiona.

"Baba…"

"Kwa hiyo umeangalia kote."

"Nimeangalia kote."

"Basi niliota." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekubali kwamba mvua haiji leo. "Tangu siku ile uliposema, nami nilianza kufikiri labda niliota. Mtoto huota vitu."

Akageukia ukuta wa udongo, akanipa mgongo.

Sijawahi kuona kitu kinauma hivyo. Siku mbili alilala vile vile. Hakutaka uji, hakutaka kugeuzwa. Nilikuwa nimekwenda Gitega kumrudishia utoto wake, na nimeuchukua hata ule mdogo uliokuwa umebaki. Nilikaa mlangoni mwa nyumba na kamera mapajani, natamani niitupe chooni. Nilimwogopa. Nilijua kwamba habari ya fundi ninayo, na nilijua pia kwamba sasa hana sababu ya kuniamini; mtu aliyeleta mkono wa uongo leo, kesho ataleta fundi wa uongo. Mara tatu niliingia nikatoka.

Siku ya tatu adhuhuri, wengine wakiwa shambani, niliingia nikakaa chini sakafuni ili nisimwone uso. Nikamwambia mgongo wake kila kitu. Kwamba nyuso zote za matofali yale ni safi, na kwa nini ni safi. Nyayo za kuku. Kwamba upande wa alama hulazwa chini, ndani ya udongo wa kujengea, ili ushike. Kwamba mkono hauonekani kwa sababu umejengewa vizuri.

Nikadhani amelala. Kisha nikasikia kitanda kinalia, anajigeuza peke yake.

"Nani kasema?"

"Fundi anayejenga pale."

"Ana umri gani?"

"Kama sitini."

"Kajifunza kwa nani?"

"Kwa baba yake. Baba yake alijenga pale pale."

Alifikiri. Alikuwa anahema kwa shida, lakini macho yalikuwa yake.

"Basi anajua." Halafu uso wake ukakunjamana, nikadhani ni maumivu, kumbe ni hasira. "Siku zote hizi ulikuwa na habari hii mkobani, ukaniletea picha?"

"Nilidhani unataka kuuona, baba."

"Nilitaka kuuona, ndiyo. Lakini kama nimeambiwa upo…" Akakohoa, nikamshika. "Mwanangu, si ungeanza na hilo!"

Nilimwomba msamaha wa picha, na wa lile neno la njiani, yote kwa pamoja, nikilia bila mpangilio. Alinisubiri nimalize, kisha akauliza kama nilipiga ukuta wenyewe. Nikamwaga mkoba kitandani. Akaanza kuzitazama moja moja, na kila moja aliweka kidole mahali akauliza, "Hapa?" Nami sikuweza kusema ndiyo wala hapana, nikasema, "Labda hapo." Hakuchoka na jibu hilo. Alizipanga kwenye blanketi, akazivuruga, akazipanga tena, kama mtu anayejenga. Alipofika kwenye ile ya mkono wangu, niliyotaka kuichana, alininyang'anya, akaiweka katikati ya zile nyingine.

Alikufa siku nne baadaye. Lakini mchana ule bado alikuwa na picha moja mbele yake, kona ya chini ya ukuta, na mkono wake wa kulia umeelea juu yake. Aliugeuza kiganja kikatazama chini. Akaulaza juu ya matofali taratibu, akaukandamiza kwa nguvu zote alizobaki nazo.

"Hivi?" akaniuliza.

"Hivyo, baba. Hivyo hivyo."